Yah: Malalamiko kuhusu makato ya amana na udhalilishaji niliofanyiwa siku ya kukabidhi chumba namba 203, Kawasaki, Japani

Kwa Meneja,
Idara ya Wapangaji wa Kigeni,
Ofisi ya Dar es Salaam.

Nakala: Makao Makuu, Tokyo.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha barua hapo juu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ofisi yako ilinipangisha chumba hicho kwa Kiswahili, na sioni kwa nini lugha iliyotosha kupokea fedha zangu isitoshe kupokea malalamiko yangu. Mkataba unao, fomu ya ukaguzi unayo, na barua ya makato mliyonitumia mwishoni mwa Machi 2025 bila shaka nakala yake iko mezani pako, kwa hiyo sitapoteza muda kueleza yaliyomo humo. Nakwenda moja kwa moja kwenye yaliyotokea.

Asubuhi ya kukabidhi chumba, afisa wenu wa ukaguzi alifika kwa wakati, akavua viatu mlangoni, akasalimia kwa adabu zote, kisha akaenda dirishani bila kuniuliza neno. Alishika pindo la pazia, akalipeleka puani, akafumba macho na kuvuta pumzi kama mteja anayekagua samaki pale Feri. Akaandika. Akanusa pazia la pili, akaandika tena. Alifungua kabati la nguo, akaingiza kichwa chote ndani, akakitoa, na muda wote huo hakunitazama usoni. Alipomaliza alitoa kopo la dawa ya kuua harufu kwenye begi lake na kupulizia chumbani, jikoni, na hatimaye mlangoni, pale pale aliposimama binti yangu wa miaka mitano akiwa amekwisha kuvaa koti, na dawa ile ikamshukia kichwani na mabegani. Mama mzee wa chumba 202 alikuwa ameshika mfuko wa machungwa ya mikan aliyomletea mtoto ili waagane. Aliyaona yote.

Baada ya hapo ndipo nilipopewa karatasi nitie saini. Nilipouliza ni ya nini, nilijibiwa kwamba nisiposaini ufunguo hautapokelewa, na ufunguo usipopokelewa kodi inaendelea kuhesabika. Teksi ilikuwa inanisubiri chini na mizigo imo ndani. Nilisaini, na kando ya saini yangu nikaandika kwa herufi zinazosomeka: "Nimepokea, sijakubali." Leo barua yenu inasema nilikubali makato yote kwa saini yangu. Ofisi yako ina watu wanaosoma Kiswahili. Nakuomba umwite mmoja wao akusomee maneno yale kwa sauti.

Sasa tuyatazame makato yenyewe. Kwenye amana yangu ya yeni 184,000, yaani kodi ya miezi miwili, mmekata 44,000 za usafi, 66,000 za kile mnachokiita kuondoa harufu ya viungo, na 98,000 za kubadilisha karatasi za ukutani na kurekebisha sakafu. Jumla yake ni 208,000, na kwa hiyo, baada ya kuimaliza amana yote, mmenitumia ankara ya yeni 24,000 nyingine.

Gharama ya usafi imo katika mkataba, nami siipingi. Hayo mengine hayana msingi wowote, na kampuni inayofanya kazi ya kupangisha nyumba nchini Japani haiwezi kudai kwamba haikujua. Kifungu cha 621 cha Sheria ya Madai ya Japani, kama kilivyorekebishwa na kuanza kutumika tarehe 1 Aprili 2020, kinasema wazi kwamba mpangaji hawajibiki kurejesha hali ya awali pale ambapo uchakavu umetokana na matumizi ya kawaida au na umri wa kitu chenyewe. Kifungu cha 622-2 kinamtaka mwenye nyumba arudishe amana akishatoa kile tu anachodai kihalali. Na mwongozo wa Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii, ambao umekuwepo tangu 1998 na ulirekebishwa mara ya mwisho 2011, unaipa karatasi ya ukutani maisha ya miaka 6, ambapo thamani yake inabaki yeni 1. Tangazo lenu, ambalo nakala yake ninayo, lilijisifu kwamba karatasi za chumba 203 ziliwekwa mpya 2018. Mimi nimetoka 2025. Hesabu hiyo haihitaji mhasibu.

Fomu yenu inataja pia "alama nyeusi ukutani nyuma ya jokofu" na "mibonyeo sakafuni chini ya miguu ya kitanda". Jokofu ni lenu. Kitanda ni chenu. Mlivipanga nyinyi wenyewe kabla sijatua Haneda, na mkataba wenu unanikataza kuvisogeza bila idhini ya maandishi. Mwongozo ule ule wa wizara unavitaja vitu hivi viwili, weusi wa ukutani unaotokana na joto la jokofu na mibonyeo ya uzito wa samani, kuwa ni gharama za mwenye nyumba hata pale ambapo samani ni za mpangaji. Jokofu la kampuni limechafua ukuta wa kampuni, na anayelipa ni mimi!

Kuhusu mapazia, naomba ufungue orodha ya vifaa niliyosainishwa siku ya kuingia mwaka 2022. Mstari wa mapazia una maandishi ya mfanyakazi wenu mwenyewe: madoa ya njano. Mapazia yale niliyakuta yana moshi wa sigara wa mpangaji aliyenitangulia. Picha ninazo, na simu imeziwekea tarehe. Mimi sivuti sigara. Napika, naam, chumba kilitangazwa kuwa na jiko, na sikujua kwamba jiko hilo lilikuwa pambo.

Narudia habari ya siku ile kwa sababu barua yenu inaiita "ukaguzi wa kawaida", na maneno hayo yameniuma kuliko ankara. Ukaguzi wa kawaida haumpulizii mtoto wa watu dawa. Afisa wenu alimwona binti yangu pale mlangoni, kwa sababu alimwambia asogee, na kabla mtoto hajasogea kidole kilikuwa kimekwisha kubonyeza kopo. Mtoto alipiga chafya na kujifuta macho kwa mkono wa koti. Sikuombwa radhi. Radhi aliombwa jirani: afisa wenu aliinama mbele ya mama mzee wa 202 na kumwomba msamaha, kwa niaba ya kampuni, kwa usumbufu wa harufu aliouvumilia muda wote nilioishi pale. Alisema hayo nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, kana kwamba sijui Kijapani, ilhali dakika chache kabla nilikuwa nimezungumza naye kwa Kijapani hicho hicho. Yule mama, ambaye amekula pilau yangu kila Idi na kunirudishia bakuli likiwa na chochote alichokuwa nacho, alimjibu kwamba harufu pekee anayoisikia ni ya kopo lililo mkononi mwake. Hayo nayo mbona hayamo kwenye fomu yenu ya ukaguzi? Amekubali kuyaandika na kuyagonga muhuri wake.

Mlinipata kwa sababu mlijua tunavyokataliwa kwingine. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria ya Japani uliotolewa Machi 2017 ulionyesha kwamba miongoni mwa wageni waliotafuta nyumba, asilimia 39.3 walikuwa wamekataliwa kwa sababu ni wageni, na asilimia 41.2 kwa sababu hawakuwa na mdhamini Mjapani. Mfanyakazi wako wa Dar es Salaam alinisomea habari hiyo kama tangazo la biashara: kwingine utanyanyasika, njoo kwetu. Kwa hofu hiyo nililipa kilemba cha mwezi mmoja kwa mwenye nyumba, yeni 92,000 ambazo hazirudi, na 46,000 kwa kampuni ya udhamini mliyoichagua nyinyi, juu ya amana, nikiamini kwamba ninalipia kuheshimiwa.

Na kwa kuwa tumeanza kuhesabiana, turudi Agosti 2024. Kiyoyozi, ambacho kimo kwenye orodha ya vifaa ninavyovilipia, kilikufa mwanzoni mwa mwezi. Nilipopiga simu niliambiwa mafundi wako likizo ya Obon, sikukuu ya Agosti ya kuwakumbuka wafu, nivumilie. Obon ikapita, nikaambiwa kipuri kimeagizwa. Idara ya hali ya hewa ya Japani ilitangaza mwaka ule kwamba kiangazi cha 2024 kililingana na cha 2023 kwa joto kali kuliko vyote vilivyotangulia tangu takwimu zianze 1898, na katika joto hilo mimi na mtoto tulikuwa tunalala sakafuni kwenye ujia wa jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na upepo kidogo. Kodi ya mwezi huo mliikata yote, tarehe ile ile, bila kupungua hata yeni moja. Kifungu cha 611 kinasema kodi hupungua kwa kadiri ya sehemu isiyoweza kutumika bila kosa la mpangaji. Wakati ule sikudai kwa sababu nilidhani tunaishi kwa uungwana.

Nilipoanza kuandika barua hii nilikusudia kudai jambo moja tu, kwamba mnirudishie yeni 140,000, yaani amana yangu ukiondoa gharama ya usafi, ndani ya siku 14, nami ningenyamaza. Nimeisoma tena barua yenu ya makato hadi kwenye aya mnayosema mtaiarifu kampuni ya udhamini iwapo sitalipa 24,000 zilizobaki, na nimebadili nia. Unajua vizuri, Ndugu Meneja, kwamba mpangaji akiripotiwa kwa kampuni ya udhamini anaweza kukosa chumba kingine. Hicho ni kitisho, na nakijibu ipasavyo.

Nadai amana yote, yeni 184,000, pamoja na zile za usafi, kwa sababu chumba nilikisafisha mwenyewe hadi nyuma ya mashine ya kufulia, na sioni sababu ya kuwaachia hata hizo. Nadai punguzo la kodi ya Agosti 2024. Nadai ankara ya 24,000 ifutwe kwa maandishi, na nakala ya ufutaji huo ipelekwe kwa kampuni ya udhamini. Nadai maneno "harufu ya viungo" yaondolewe kwenye kumbukumbu zozote zenye jina langu. Nadai barua mbili za kuomba radhi zenye muhuri wa kampuni, moja ya Kiswahili kwangu na kwa binti yangu, na nyingine ya Kijapani kwa jirani yangu wa 202, aliyeombwa radhi kwa kosa lisilokuwepo huku lililotendeka mbele ya macho yake likinyamaziwa. Na afisa yule asitumwe tena kwenye chumba chenye mtoto.

Siku 14 nilizozitaja hapo juu sasa ni siku 7 tangu mtakapopokea barua hii. Tafsiri yake ya Kijapani inakwenda Tokyo kwa posta ya uthibitisho wa maandishi, ile inayoitwa naiyo shomei, ili asitokee mtu wa kusema hakuiona. Siku hizo zikipita bila jibu, nitafungua shauri la madai madogo katika Mahakama ya Mwanzo ya Kawasaki, ambako kikomo ni yeni 600,000 na kwa kawaida shauri husikilizwa na kuamuliwa siku moja. Nimeshajumlisha madai yangu yote, na chini ya kikomo hicho bado imebaki nafasi ya kudai fidia kwa aliyofanyiwa mtoto. Nitapiga 188 kwa kituo cha walaji. Nitakwenda ofisi ya haki za binadamu iliyo chini ya Wizara ya Sheria, ambayo hupokea malalamiko ya wageni. Na kwa kuwa mnajitangaza kuwa mnasimamia nyumba nyingi, nanyi mnajua kwamba anayesimamia kuanzia nyumba 200 lazima asajiliwe na serikali chini ya sheria iliyoanza kutumika 2021, nitapeleka nakala ya fomu yenu, pamoja na maandishi yangu ya kando ya saini, kwa mamlaka iliyowasajili.

Ofisi yako ya Dar es Salaam nayo isijione iko mbali. Vijana wanaokuja huku kusoma na wale wa biashara ya magari yaliyotumika huulizana kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya kulipa senti kwa dalali yeyote, na hadi leo, nikiulizwa, nimekuwa nikijibu kwamba shauri langu bado liko kwa wahusika.

Jibu nalitaka kwa maandishi, si kwa simu. Akaunti ya kurejeshea fedha ni ile ile mliyokuwa mkikata kodi kila mwezi, na hamkuwahi kuikosea.

Wako,

Mpangaji wa zamani, chumba namba 203