Barua kwa Mwanaidi: kutafuta nafasi ya uzamivu Ujerumani

Bremen, 14 Oktoba 2025

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam aleykum. Rasimu ya barua unayotaka kumpelekea profesa nimeisoma yote. Nakuomba usiitume kama ilivyo. Umeisifu Ujerumani ukurasa mzima, kisha ukaomba "nafasi yoyote yenye ufadhili". Barua za namna hiyo zinawafikia maprofesa kila mara, na nyingi hazijibiwi. Wewe umekaa Paje na wakulima wa mwani, umepima joto la maji, umeona kotonii, aina ya mwani wanaoulima, ikigeuka nyeupe na kukatika kambani. Anza na hilo, sentensi ya kwanza kabisa.

Huku kwanza hutafutwa msimamizi, fedha hufuata. Hata DAAD, shirika la Ujerumani la kufadhili wanafunzi na watafiti, ukiomba ufadhili wa uzamivu wa kujitegemea, itataka kuona profesa aliyekubali kukusimamia. Kwa hiyo soma makala zake mbili tatu, kisha mwandikie kwa ufupi: ulichokigundua, swali lililobaki, na makala yake ipi inagusana na swali hilo. Ambatisha wasifu na andiko fupi la utafiti. Basi. Akinyamaza wiki mbili tatu, mkumbushe kwa adabu; si utovu wa heshima.

Kwa fani yako, angalia kwanza ZMT hapa Bremen, taasisi ya utafiti inayoshughulika na bahari za tropiki, halafu AWI kule Bremerhaven, taasisi ya utafiti wa bahari na ncha za dunia. Taasisi hizi zenyewe hazitoi shahada. Utasajiliwa chuo kikuu, mara nyingi hiki cha Bremen, na taasisi itakupa maabara na msimamizi. Nafasi zinazotangazwa zitafute PhDGermany, tovuti ya DAAD ya matangazo ya nafasi za uzamivu. Skuli za uzamivu za Max Planck, shirika lenye taasisi nyingi za utafiti, zina utaratibu wao: unaomba kwa programu, unafanyiwa usaili, na msimamizi unaweza kumpata baadaye. Ufadhili wa utafiti wa wakfu wa Humboldt uache kwa sasa, ni wa waliokwishamaliza uzamivu.

Ukiona tangazo limeandikwa "E13, 65%", usiliruke. Hiyo ni ajira: unalipwa asilimia hiyo ya mshahara kamili wa daraja la 13 la utumishi wa umma, na bima ya afya na mafao ya uzeeni hukatwa humo humo. Mimi naipenda ajira kuliko ufadhili, kwa sababu una mkataba na haki za mfanyakazi. Ila uliza mapema mkataba ni wa miaka mingapi, maana utafiti wa mwani unategemea misimu na miaka miwili haikutoshi. Ada ya masomo vyuo vya umma kwa kawaida hawatozi wanafunzi wa uzamivu. Kuna mchango wa kila muhula tu, na hapa Bremen mchango huo unajumuisha tiketi ya usafiri.

Jambo moja la haraka: kwa kawaida DAAD hutaka isizidi miaka sita tangu upate shahada yako ya mwisho. Yako ni ya 2021, kwa hiyo usisubiri mpaka mkataba wako wa kazi uishe. Waombe walimu wako barua za mapendekezo sasa hivi, na kila mmoja mpe nakala ya andiko lako ili aandike juu ya kazi yako hasa, asiishie kusema u mwanafunzi mwenye bidii.

Nitumie rasimu mpya, hata ikiwa na aya mbili tu. Nitaisoma siku hiyo hiyo inshallah. Mama nisalimie sana, na watoto.

Wako,
Zuhura