Haya matano nani kayachonga?

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini niseme na vijana, hasa wale ambao rafiki zao wanajifunza kazi kwa mafundi, iwe gereji, cherehani au karakana kama yangu.

Mimi ni mchongaji wa milango hapa Lamu. Wiki jana mzazi aliniletea mwanawe nimfunze, na kabla sijamkaribisha akasema mbele yake: "Huyu hashiki kitu, fundi. Wewe jaribu tu." Kijana akainamisha macho. Roho iliniuma, maana nami nilisimama vivyo hivyo zamani.

Nilikuwa na miaka 17. Nilipewa ubao wa mbambakofi, kizingiti cha juu, nichonge maua sita na majani baina yake. Ua la sita, patasi iliteleza ikafuata mshipa wa mti, kipande kizima kikabanduka. Mbambakofi ni mti mgumu, tena wa ghali. Fundi wangu hakupiga kelele. Aliuegemeza ubao ukutani, akaniambia mikono yangu ni ya kubeba mizigo, si ya kuchonga. Nami nikaamini.

Jioni nikamweleza sahibu yangu, aliyekuwa akibeba mchanga kwa punda, kwamba nafunga virago niende Mombasa. Hakunibembeleza. Alikwenda kuuangalia ubao wenyewe, akapitisha kidole gumba ua moja baada ya jingine, kisha akaniuliza: "Haya matano nani kayachonga?"

Nikamjibu ni mimi.

"Basi mbona wasema hujui? Uliloharibu ni moja."

Akauomba ule ubao kwa fundi, akaupakia juu ya punda, akaenda kuupigilia juu ya mlango wa jiko la mamake.

Kesho yake nilirudi kazini. Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya sala alikuwa akipita kuniangalia, wala hakuwa mtu wa kusifu ovyo. "Jani hili nene. Lile la pili limekaa." Patasi hakuwahi kuishika maishani mwake, lakini macho anayo! Na kwa kuwa alikuwa akinionyesha palipopinda, siku aliposema pamenyooka nilimsadiki. Wengi wetu tunadhani kumtia mtu moyo ni kumwambia "utaweza, utaweza". Kwa neno hilo peke yake mimi ningepanda basi la Mombasa.

Mwaka 2001, mwaka ule mji wetu ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, alinijia mtu akitaka mlango mzima: miimo, kizingiti, mfaa, kila kitu. Mafundi walionizidi umri walikuwapo. Nikasema nitaufanya, na sauti haikutetemeka. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuzoea kuyapitishia maua yangu kidole mwenyewe, bila kungoja Ijumaa.

Ubao ule ungali palepale jikoni, moshi umeufanya mweusi ti.

Yule kijana nimemwanzisha na kipande cha mti laini. Ana rafiki yake ambaye kila alasiri humngoja nje, kaegemea ukuta na simu mkononi. Ombi langu ni kwake na kwa wenziwe wote: msingoje nje. Mlango u wazi. Ingieni mwangalie kazi, mwulize ni nani kaichonga.

Mchongaji milango,
Langoni, Lamu