Kwa nini Bismillahi hugeuka kwenye kadi ya harusi

Assalaam alaykum wateja wetu.

Wiki moja kabla ya harusi ya mjukuu wake, bibi mmoja alitujia dukani Mlandege na boksi la kadi zilizochapwa kwingine. Bismillahi imeanzia kushoto, tena herufi zimekaa mojamoja, hakuna iliyoshikana na mwenzake. Bibi amesoma chuo cha Kurani tangu mdogo, alilia. Jina la Mungu limevunjwa vipande, kadi hizo utampa nani?

Mashine ya kuchapia haina kosa. Kiarabu huandikwa kutoka kulia, na herufi hubadilika umbo kwa pale ilipokaa: be ya mwanzo wa neno siyo be ya mwisho. Programu nyingi za zamani za kutengenezea kadi zinajua njia moja tu, kushoto kwenda kulia. Ukibandika humo maneno uliyonakili kwenye simu, huyapanga kinyume na kuyaachanisha. Mwaka ndio mtego mkubwa, maana hata ndani ya Kiarabu tarakimu hukaa kama hizi zetu: riale, sarafu ya Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, ina mwaka 1299 wa Hijria, na ile moja iko kushoto. Anayegeuza mstari mzima ili kuziponya herufi, huuharibu mwaka.

Wateja hutuuliza, nani basi aliyekosea njia? Hakuna. Herufi za Kiarabu na hizi za Kirumi zina babu mmoja, Mfoinike, mtu wa kale wa pwani ya Lebanoni, naye aliandika kutoka kulia. Wagiriki walizichukua wakaanza vivyo hivyo. Kisha wakawa wanakwenda na kurudi, mstari huu kulia, unaofuata kushoto, kama ng'ombe anayelima konde, hadi wakatulia na kushoto kwenda kulia. Warumi wakarithi. Wapo wasemao sababu ni nyundo na patasi juu ya jiwe. Mimi sikubali: Wagiriki walichonga mawe kwa njia zote mbili. Naona ni mwanafunzi kufuata mkono wa mwalimu wake. Wazee wetu waliandika Kiswahili hiki hiki kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, na barua zilisomeka.

Ukitaka kadi au kitabu cha maulidi, tuletee karatasi iliyoandikwa vizuri kwa mkono, au faili la PDF. Kitabu cha Kiarabu tunakishona upande wa kulia, kwa hiyo tuambie mapema kama kitakuwa na lugha mbili. Kabla ya kuchapa zote tunakupa nakala moja, uende nayo kwa mwalimu wa chuo aisome. Nakala hiyo hatuilipishi.