Barua ya Wazi kwa Mdogo Wangu: Safari Fupi Nayo Ipewe Siku Yake

Mdogo wangu mpenzi,

Nimefurahi kusikia kwamba hatimaye mmeamua kuwapeleka watoto kwa Shangazi, katika mji mdogo alikohamia baada ya kustaafu, na kwamba mtakwenda kwa gari lenu wenyewe. Ninakuandikia hadharani badala ya kukupigia simu kwa sababu jambo hili linazihusu familia nyingi, na pia kwa sababu kwenye simu ungenikatisha kwa kusema kwamba ni mwendo wa saa tatu. Ombi langu ni moja: safari hiyo, ijapokuwa ni fupi, ipeni siku nzima ya kwenda na siku nzima ya kurudi.

Mpango niliousikia ni kuondoka Ijumaa jioni mkitoka kazini, kufika usiku, kushinda na Shangazi Jumamosi, kisha kurudi Jumapili jioni ili Jumatatu kila mtu awe mahali pake. Naelewa kwa nini unauona mzuri. Hata hivyo, nimeona mara nyingi kwamba anayekwenda mbali hujiandaa, hulala mapema, hulipeleka gari kwa fundi na kupanga atakapopumzika, ilhali anayekwenda karibu huondoka na uchovu wa wiki nzima mwilini, akiamini kwamba ufupi wa njia utamlinda. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilikadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufariki dunia kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Wanao wawili wakubwa wamo katika umri huo, na ndiyo maana siwezi kunyamaza kwa kuogopa kuonekana msumbufu.

Fikiria kwanza hali ya mumeo Ijumaa saa mbili usiku. Dereva aliyefanya kazi tangu asubuhi anaweza kupitiwa na usingizi kwa sekunde chache, wakati mwingine macho yakiwa wazi, na asitambue kabisa kwamba alisinzia. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari hukata karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo sekunde tatu za usingizi ni zaidi ya mita 80 ambazo gari linakwenda bila mtu wa kuliongoza. Kufungua dirisha au kuongeza sauti ya redio humchangamsha mtu kwa dakika chache, lakini kinachouondoa usingizi ni kulala. Zaidi ya hayo, barabara za kuelekea miji midogo mara nyingi hazina taa, nazo hupitiwa na watembea kwa miguu, baiskeli na mifugo ambao dereva huwaona wakiwa tayari wamekaribia mno. Ondokeni Jumamosi asubuhi, baada ya watu wote kulala usiku mzima. Mtapoteza jioni moja kwa Shangazi, nami naiona hasara hiyo kuwa ndogo sana.

Najua utasema kwamba siku nzima kwa njia ya saa tatu ni kupoteza muda, na hapo ndipo ninapotaka umfikirie Bertha Benz. Mwanzoni mwa Agosti 1888 aliondoka nyumbani Mannheim, Ujerumani, mapema asubuhi, mumewe Carl akiwa bado hana habari, akawachukua wanawe Eugen na Richard katika gari la magurudumu matatu ambalo mumewe alilibuni, wakaelekea Pforzheim, mji alikozaliwa, kumtembelea mama yake. Safari hiyo ya zaidi ya kilomita 100 ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya masafa marefu kwa gari la injini. Alikuwa pia na nia ya kuonyesha kwamba uvumbuzi wa mumewe ungeweza kutumiwa na watu wa kawaida, lakini kwa sura yake ilikuwa safari kama yenu hasa: mama na watoto, wakienda kwa ndugu.

Walisafiri tangu alfajiri hadi jioni, na sehemu kubwa ya siku hiyo waliitumia wakiwa wamesimama. Mafuta yalipopungua walisimama Wiesloch, wakanunua ligroini, kimiminika chepesi kitokanacho na petroli, katika duka la dawa, kwa kuwa vituo vya mafuta vilikuwa havijakuwapo duniani. Maji ya kupozea injini yaliisha mara kwa mara, ikabidi wayatafute njiani. Bomba la mafuta lilipoziba, Bertha alilizibua kwa pini ndefu ya kofia yake. Waya ulipohitaji kukingwa, alitumia ukanda wa mpira wa kushikia soksi. Breki za mbao zilipoanza kulika katika miteremko, alimwomba fundi viatu azivike ngozi. Kwenye vilima wavulana walishuka wakasukuma. Baada ya safari, kutokana na taabu hiyo ya vilima, gari liliongezewa gia ya kupandia. Ninachokipenda zaidi katika habari hii ni jinsi watoto wale walivyokuwa na kazi ya kufanya barabarani na watu wa kukutana nao, ilhali watoto wetu sisi tunawafungia kiti cha nyuma na kuwataka wanyamaze mpaka tufike.

Kwa hiyo simameni. Kila baada ya saa mbili au kabla ya hapo, egesheni mahali salama nje ya barabara, watoto wakimbie, dereva anyooshe miguu, na ikiwa macho yake ni mazito alale dakika kumi na tano au ishirini, huku wewe ukiwaangalia watoto. Mkiwa wawili mnaoweza kuendesha, pokezaneni. Msiwaache watoto ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa dakika chache za kununua kitu, kwa maana joto ndani yake hupanda haraka sana, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wetu. Mkubwa mpe kazi ya kutangaza kila mto na kila kijiji mnachokipita. Atafika akiijua njia.

Yule wa kati anayetapika garini anateseka zaidi mnapokwenda haraka. Sikio lake la ndani huhisi gari likikata kona, huku macho yake yaliyoinama kwenye simu yakiuambia ubongo kwamba ametulia, na mgongano wa habari hizo mbili ndio unaomletea kichefuchefu. Mwondolee simu na kitabu, mketishe anapoweza kutazama mbele kwa mbali, mpe hewa safi, na dereva apunguze mwendo kabla ya kona badala ya kufunga breki katikati yake.

Kuhusu gari lenyewe sitasema mengi. Upepo wa matairi upimwe kabla ya kuondoka, yakiwa bado ya baridi, kwa kipimo ambacho mtengenezaji ameweka kwa gari lililojaa watu na mizigo. Mizigo mizito ikae chini ndani ya buti.

Suala la mikanda, hata hivyo, nitalisema hata kama umelichoka. Mkanda wa ncha tatu tunaoutumia leo ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaruhusu watengenezaji wengine kuutumia bila malipo, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu yeyote ndani ya gari kukaa bila mkanda. Aliyekaa nyuma bila mkanda hurushwa mbele gari linapogonga, na anaweza kumuua aliye mbele yake. Kitindamimba naye asipakatwe. Gari linaposimama ghafla kwa kugonga, mwili wake mdogo huendelea kwenda mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake mara nyingi, na hakuna mikono ya mzazi inayoweza kumzuia, hata ya mzazi anayempenda kama unavyompenda wewe. Awe katika kiti chake, kimefungwa barabara, na kielekee nyuma kwa kadiri umri na ukubwa wake unavyoruhusu.

Kisha kuna Shangazi. Usimpe saa ya kufika. Saa iliyoahidiwa ndiyo inayomfanya dereva alipite lori mahali asipoona mbele, na ndiyo inayogeuza kila ombi la mtoto la kwenda haja kuwa ugomvi. Mwambie kwamba mtafika Jumamosi, na kwamba wewe, si dereva, utampigia mkikaribia. Bertha alimtumia mumewe telegramu baada ya kufika salama.

Wala hakurudi kesho yake. Alikaa kwa mama yake siku kadhaa. Nakusihi uombe ruhusa ya Jumatatu, ili Jumapili iwe ya Shangazi yote, watoto wautembee mji wake kwa miguu na kujua majirani zake, kisha mrudi Jumatatu asubuhi wakati barabara haina msongamano wa wanaokimbilia kazi ya kesho. Ikiwa ruhusa haitapatikana, ondokeni kwake Jumapili asubuhi, na mimi nitakuja kwenu mchana huo kupika, kuwaogesha watoto na kuwaandalia vitu vya shule, ili kusiwe na jambo lolote nyumbani linalowafanya mkimbie.

Dada yako