Mama, kuhusu ule upepo wa tairi

Kisoro, Uganda, Jumapili jioni

Binti yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Mguu wa mama yako umepoa, mbuzi amezaa wawili, na mlima Muhabura tangu juzi amejifunika mawingu hadi miguuni. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikakasirika, ya tatu nikachukua pampu nikatoka uani. Nitakueleza.

Unasema mko wanne, mnatoka Kabale kwa baiskeli, kisha mnataka siku mbili za kuzunguka kwenye mawe ya volkano. Haya. Nilidhani mtoto niliyemsomesha atakuja nyumbani kwa gari, lakini damu haipotei. Baba yako alianzia maisha Busia, juu ya tandiko la baiskeli, akivusha watu kutoka kituo cha mpaka cha upande wetu hadi cha Kenya huku akiita "boda, boda!" Hao wenzako wa Kampala wanadhani boda boda ilizaliwa na injini. Ilianza Busia kwa baiskeli miaka ya 1960, mimi niliikuta imeshakomaa. Hata Kiswahili hiki tunachoandikiana nilikiokota pale, nikaja nacho huku kwa wajomba zako.

Sasa huo upepo. Umeandika kwamba kwenye changarawe mnatia upepo wa pauni 30 tu, na tairi halina tyubu ndani, lina dawa ya majimaji ya kuziba matundu. Mama! Zaidi ya miaka 25 nimekaa kwenye kibanda changu kando ya soko nikimwambia kila mteja neno moja: jaza upepo, jaza mpaka kidole gumba kishindwe kubonyeza. Ndiyo maana nilikasirika. Mtu hapendi kuambiwa na mwanawe kwamba mkate wake wote umetokana na kosa.

Lakini nilikumbuka mwaka 1996, wewe hujazaliwa. Nilikuwa nateremka kutoka Nyarusiza, kule chini ya volkano, siku ya soko na gunia la viazi ulaya kwenye keria. Kwa sababu ya mzigo nilikuwa nimejaza tairi likawa gumu kama jiwe lenyewe. Unalijua kovu la mguu wangu wa kulia, siku zote nilikuambia ni la panga. Si la panga. Gurudumu la mbele lilipanda koro moja, jiwe la volkano, halikulimeza, likaruka. Lilipotua, rimu ilikuwa imepinda kama nane, mimi niko chini, na viazi vinateremka kuelekea mjini bila mimi. Watoto walivikimbilia. Walinirudishia kama nusu, na kwa haki ya Mungu sikuwalaumu.

Niseme kidogo kuhusu hilo koro, maana wenzako wa lami hawalijui. Amakoro si kokoto za mtoni. Jiwe la mtoni limesuguliwa na maji, limekuwa duara, ukilikanyaga linateleza lakini halikati. Koro lilitoka tumboni mwa mlima likiwa uji wa moto uliojaa hewa. Ulipopoa, mapovu yakabaki matundu, na kingo za yale matundu ndizo wembe. Chukua moja mkononi: jepesi kuliko unavyotarajia, jeusi, limetobokatoboka kama sifongo. Likivunjika, kila kipande kinazaa kingo mpya. Kwa hiyo barabara ya amakoro haichakai kwa kutumiwa, inanolewa.

Wafumbira, wenyeji wa huku, wamehangaika na mawe hayo vizazi na vizazi. Shamba halilimwi kabla mawe hayajaokotwa na kurundikwa, na marundo hayo ndiyo yaliyompa jina Gahinga, yule mlima mdogo wa katikati. Kulia kwake, ukisimama hapa mjini, ni Sabinyo wenye meno ya mzee, kushoto ni Muhabura, mwonyesha njia, mita 4,127. Mtakapokuwa mnapanda kwenda Ntebeko, kwenye lango la hifadhi ya Mgahinga, mtapita katikati ya kuta za mawe meusi pande zote mbili. Angalieni pedali. Ukuta haukusogelei, ila ukiukwepa uchafu wa katikati ya njia unajikuta umeusogelea wewe, na pedali ikigonga ukuta huanguki upande unaoutaka.

Hapo ndipo nilipokwenda kujaribu. Ile baiskeli ya gia aliyoniachia mjomba wako ina matairi mapana. Nikatoa upepo mpaka kidole gumba kikazama, nikaona aibu, nikafunga mlango wa kibanda ili wateja wasinione. Kutoka hapa hadi lango la hifadhi pale Ntebeko ni kilomita 14 za mawe na kupanda. Mama, sijawahi kupanda ile njia nikiwa nimekaa. Siku zote ni kusimama kwenye pedali, mikono inatetemeka kama ya mlevi, meno yanagongana. Safari hii tairi lilikuwa likifika kwenye koro linabonyea, linalikumbatia, linapita. Nilisimama mara mbili tu, na mara moja ilikuwa kwa ajili ya ng'ombe.

Wakati wa kurudi nikapata pancha. Nilipovua tyubu nilikuta matundu mawili yanayotazamana, kama macho. Hiyo naijua: ni tyubu iliyobanwa kati ya jiwe na rimu kwa sababu upepo ni mdogo. Kwa hiyo sote wawili tuna haki yetu. Wewe uko sahihi kwa sababu huna tyubu ya kubanwa, nami niko sahihi kwa mkulima wa Nyarusiza mwenye tyubu ya viraka saba na gunia la kilo mia. Nikamaliza kushuka kwa miguu, nikisukuma. Usimwambie mjomba wako.

Lakini hiyo dawa yenu ya kuziba ina mpaka wake. Inaziba tundu la mwiba, haizibi tairi lililopasuliwa ubavu, na amakoro hupasua ubavu. Kila mmoja wenu abebe kipande cha tairi kuukuu kilichokatwa kama ulimi, urefu wa kidole. Tairi likipasuka mnakiweka kwa ndani mahali pa jeraha, mnatia tyubu ya akiba, mnajaza, mnakuja nyumbani. Nimeshawakatia vinne, lakini viko huku, nanyi mtavihitaji kabla ya kufika huku. Kateni vyenu.

Maji. Hili nalisema kwa ukali. Mtaona kijani kila mahali mtadhani maji yapo. Ardhi ya chini ya volkano inakunywa mvua yote, inapenya kwenye yale matundu na kupotea chini. Ndiyo maana kule Nyarusiza akina mama hutembea mbali na madumu hali mvua ilinyesha jana. Msitegemee kijito. Jazeni chupa mjini, kila mtu lita tatu. Faida ya ardhi hiyo ni moja: baada ya mvua haishiki tope. Udongo mwekundu wa milima ya Kabale ndio utakaowatesa, utajaa kwenye uma mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Mkikutana na mvua upande huo, panda lami bila aibu. Mkivuka mwinuko wa Kanaba mtaona bonde lote la Bufumbira, huku kwetu, mbele yenu, na hapo simameni hata kama mnachelewa.

Kutoka Kanaba msije moja kwa moja mjini. Zungukeni ziwa Mutanda. Ile barabara ya vumbi inapanda na kushuka bila huruma, lakini ziwa lenyewe ni kazi ya volkano: lava iliziba bonde, maji yakakosa njia, yakajaa kati ya vilima, ndipo vilima vingine vikawa visiwa. Ziwa Bunyonyi mtakalolipita Kabale nalo lilizaliwa hivyohivyo. Kwa jicho la mwendesha baiskeli maana yake ni kwamba hamna tambarare, ufuko wote ni mabonde yaliyozama.

Siku ya pili, pango la Garama. Lava ilipotiririka ilipoa juu ikawa dari, chini ikaendelea kwenda hadi ikaisha, ikaacha bomba. Urefu wake ni mita 342, na mwenyeji wake ni Mtwa, mmoja wa Batwa, watu wa msitu. Batwa waliondolewa msituni hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1991, na sasa ni wao wanaowaongoza wageni kwenye ile njia yao inayoishia pangoni. Lipeni kiingilio, waacheni waongee, na msipige picha kabla ya kuomba. Baiskeli ziacheni langoni.

Kuhusu yule mwenzako anayetaka kuvuka mpaka aone lava mbichi ya Goma, kule Kongo: hapana. Najua ni kilomita chache tu hadi Bunagana mpakani, na najua lava iliyoshuka kutoka mlima Nyiragongo Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na nyingine ilitoka Mei 2021. Mimi mwenyewe nimeona mbingu nyekundu upande huo usiku, nikiwa hapa mlangoni. Nimefika Goma zamani, kukiwa na amani, nikawaona vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za magurudumu mawili zisizo na pedali, wakishusha mizigo juu ya lava ambapo gari lingevunjika springi. Hao ndio mabingwa wa changarawe, mama. Wamewajengea hata sanamu. Lakini tangu Juni 2022 upande ule wa Bunagana una bunduki, na mimi sina mtoto wa kuchezea.

Ukija, niletee chupa moja ya hiyo dawa ya kuziba. Nimeulizia hapa kwa wenye maduka, wananitazama tu. Nataka kuijaribu kwenye ile baiskeli ya mjomba wako kabla hajaja kuidai.

Nitawasubiri njia panda ya kushukia Mutanda kuanzia saa nane, na pampu. Mama yako anauliza kama hao wenzako wanakula viazi. Nimemwambia wakishapanda Kanaba watakula hata gunia.

Ni mimi baba yako.