Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wafugaji nyuki,

Hesabu za asali na fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema habari za nyuki wenyewe, maana vikao vya mwaka huu vimeishia kwenye ubishi wa bei ya ndoo ya asali.

Wenye mizinga jirani na mashamba ya nyanya na alizeti wanajua hali ilivyo. Unafika asubuhi, unakuta nyuki wametapakaa chini ya mzinga, ndimi zimetoka nje. Huo si uzee, ni sumu ya dawa zinazopulizwa mashambani. Kamati ilipowaendea wakulima haikutanguliza malalamiko ya asali; ilitanguliza maboga. Ua la boga hufunguka alfajiri, na kufikia mchana limeshanyauka. Maua dume yako mbali na maua jike, na chavua yake ni nzito tena inanata, upepo hauibebi. Nyuki asipopita asubuhi hiyo hiyo, kitoto cha boga kilicho chini ya ua jike hugeuka njano, kikaoza, kikadondoka. Wapo waliodhani ni ugonjwa na kuongeza dawa! Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) linasema robo tatu hivi ya mazao makuu ya chakula duniani hutegemea wachavushaji kwa kiasi fulani, ila hapa kwetu Tabora boga lilieleweka haraka kuliko takwimu. Mahindi hatukuyataja, kwani yanachavushwa na upepo, na mkulima anajua ukimdanganya.

Wengi wamekubali kupuliza dawa jioni, nyuki wakiwa wamerudi, na kutolipulizia shamba lililochanua. Wachache wamekataa. Tutawarudia.

Hata hivyo, wakulima si peke yao. Miongoni mwetu wapo ambao bado wanachuna magome ya miti ya mtundu na myombo kutengeneza mizinga. Mti uliochunwa gome kuuzunguka hauwezi kushusha chakula kutoka kwenye majani kwenda mizizini, na lazima utakauka. Hiyo ni sawa na kumchinja ng'ombe ili ngozi yake ufanye kiriba cha maziwa. Wengine wanarina kwa mwenge wa nyasi, cheche zinaanguka, pori lote linaungua pamoja na maua ya msimu unaofuata. Bomba la chama la kufukizia nyuki moshi lipo, kuazima ni bure, na sioni kwa nini linakaa stoo likiota kutu.

Kuhusu kuni za kukaushia tumbaku, mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku kwa moto, yanakula misitu ya miombo kuliko sisi sote, na hilo chama pekee hakiliwezi. Tumelifikisha kwenye serikali ya kijiji, tukiomba kila mwenye bani apande miti yake ya kuni. Tunasubiri majibu.

Wasio wafugaji nao wana nafasi yao. Kundi likitua mwembeni, lisimwagiwe mafuta ya taa. Waondoeni watoto na mifugo, mmwite mfugaji. Kiangazi wekeni maji kwenye beseni lenye mawe, nyuki apate pa kusimama asizame. Tarehe 20 Mei, Siku ya Nyuki Duniani, tunakusudia kuyapeleka haya shuleni.

Naomba mkutano uamue leo: mzinga mpya wa gome usisajiliwe tena na chama, na anayerina kwa mwenge apewe onyo la maandishi. Wazee wenye mizinga ya zamani wasiguswe, waitumie mpaka ichakae.

Naomba kuwasilisha.