Masanja, nipimie huo mzinga

Mzee baba Masanja,

Salama lakini? Shemeji na watoto hawajambo? Sie huku wazima, mama Neema anakusalimia sana, anasema ulimwahidi halua ya Mombasa tangu kwenye msiba wa bibi na mpaka leo hajaona hata karatasi yake. Hilo mtamalizana wenyewe, mimi simo.

Najua tumekaa kimya muda na najua unachosema sasa hivi, "huyu akinitafuta ujue ana shida". Kweli nina shida, tena shida yenyewe iko mtaani kwako. Si bado unakaa Mji wa Kale? Basi pale Fort Jesus kuna mzinga wa vita nataka ukanipimie. Sio utani bana, soma mpaka mwisho ndio upige simu ya kunicheka.

Iko hivi, natengeneza manowari. Ile Königsberg ya Mjerumani iliyoenda kujificha Rufiji, tulifundishwa na Mwalimu Gaudensia wewe ukiwa umelala dawati la nyuma. Naifanya kwa moja ya mia, yani sentimita yangu moja ni mita moja ya kweli. Meli yenyewe ilikuwa mita 115.3, kwa hiyo ya kwangu ina sentimita 115 na kidogo, upana sentimita 13, imelala kwenye meza yangu ya kusukia mota pale Makoroboi na wateja wakija na feni zao nawapokelea chini. Halafu kila mtu akisikia meli ya vita ya Mjerumani anasema aaah, Bismarck, ile ya jiwe letu! Nimechoka kuelezea kwamba jiwe la hapa Mwanza limepewa jina la mtu na meli nayo imepewa jina la mtu huyo huyo, na ya kwangu sio hiyo. Bismarck ilikuwa na mita 251 aisee, ningeifanya hiyo ingenitoka mita mbili na nusu, pua ingekuwa kwa muuza chipsi.

Mwili umeshakamilika na sio kujisifu ila umekaa vizuri. Mkuku na mataruma, yani uti wa mgongo na mbavu za meli, nilikatiwa na yule fundi mitumbwi wa Igombe, unamkumbuka, yule aliyegombana na Bahati kwa ajili ya mashine. Alipoona mchoro akauliza mbona pua imechomoza mbele chini ya maji badala ya kurudi nyuma, nikamwambia manowari za enzi zile nyingi zilikuwa na pua ya hivyo. Akasema hiyo ndani ya ziwa hili ingekusanya nyavu za watu wote mpaka Ukerewe. Mabomba ya moshi matatu nimetoa kwenye paipu za plastiki nikayavisha bati la makopo. Reli za pembeni na kamba za milingoti nimetumia waya wa kopa wa mota zilizoungua, na hapo sina mpinzani maana nina kila unene dukani. Mchoro ndio ulinitesa kidogo, kijana wa stesheneri akauprinti vipande vipande na kompyuta ikawa inabana kila kipande kienee karatasi, kuunga unakuta meli imepungua karibu sentimita nne! Namwambia anasema "si inafanana tu bro". Inafanana!

Sasa tuje kwenye mizinga, ndiyo inaninyima usingizi. Iko kumi. Miwili mbele imekaa sambamba, miwili nyuma hivyo hivyo, na sita ubavuni, mitatu huku mitatu kule. Na lazima yote kumi ifanane, maana jicho la mtu likitua kwenye manowari haliendi kwenye mlingoti wala kwenye vimashua, linaenda kwenye mzinga moja kwa moja. Vipimo vikubwa ninavyo. Mdomo wake ni milimita 105 na urefu wa mtutu ni mara 40 ya huo mdomo, yani mita 4.2, kwangu mimi sentimita 4.2 na tundu la milimita moja. Nisichokipata ni umbo. Unaanza kunenepa wapi? Unanenepa taratibu au kwa ngazi? Ule mlango wa nyuma wa kuingizia risasi umekaaje? Picha za zamani zimepigwa kwa mbali, unaona meli nzima na wazungu wamejipanga na kofia zao basi. Nikajaribu kwa mirija ya kalamu za bic, Mzee Kulwa akapita jioni, si unajua alikuwa kwenye injini ya MV Victoria miaka yote ile, akaangalia kimyaaa halafu akasema hii mirija ya soda umeifunga humu ya nini. Huyo mzee hana huruma kabisa, na shida ni kwamba alikuwa sahihi.

Ndio nikakumbuka mizinga haikufa na meli. Mjerumani alipoilipua mwenyewe kule Rufiji tarehe 11 Julai 1915, baada ya zile manowari mbili za Mwingereza, Severn na Mersey, kuichakaza, aliing'oa mizinga yote kumi ikapelekwa Dar, mingine ikafungiwa magurudumu ikaendelea kupigana nchi kavu. Mmoja ulienda Kigoma ukafungwa kwenye meli ya Götzen, ambayo ndiyo Liemba hii hii tuliyopanda wewe ukatapika mpaka Kasanga. Na waliokuwa wanaivuta porini ni watu wetu, kwa kamba, mamia ya watu, jina la kapteni Looff unalikuta kila unapogusa lakini wale wengine wooote... haya tuachane nayo, nitaanza kuhubiri. Ninachotaka kusema, mmoja upo Pretoria pale Union Buildings, na mwingine uko hapo kwako. Pretoria sina mtu.

Ila sikia vizuri hapa. Pale Fort Jesus ipo miwili na imekaa jirani. Mmoja ni wa Königsberg na mwingine ni wa Pegasus, ile manowari ya Mwingereza iliyokuwa Zanzibar inatengenezwa mitambo, Königsberg ikaivamia alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 ikaizamisha. Yani muuaji na marehemu wamewekwa uwanja mmoja wanapigwa picha na watalii. Sasa wewe ninavyokujua utanipimia wa marehemu. Wa Mwingereza ni inchi 4, yani milimita 101.6, wa kwetu 105, tofauti haifiki hata milimita nne na hapo kuna rangi na kutu, kwa hiyo usiniamulie kwa macho. Soma kibao kwanza, ukishindwa muulize mlinzi, ukishindwa kabisa pima yote miwili nitajua mwenyewe.

Kupima sio kazi. Chukua uzi, zungushia mtutu mdomoni, katikati, na pale unaponenepa, uniandikie mzunguko tu, kugawanya kwa 3.14 niachie mimi. Halafu piga picha ubavuni ukiwa umesimama wima sio umeinama, na weka futi kwenye picha.

Kabla sijasahau, nilipita kwa mama kule Sengerema wiki iliyopita. Mzima, anatembea. Siku hizi Busisi tunapita darajani kilomita 3 umeshafika ng'ambo, ile foleni ya pantoni tuliyokuwa tunakula mahindi mpaka jua linazama imebaki stori. Anauliza lini utakuja, nikamwambia unamalizia kazi ya mzinga. Hakuelewa.

Shule ya Neema wameiomba meli waiweke kwenye maonyesho yao kabla hawajafunga, ndio maana nakusumbua. Bila mizinga ni pantoni tu lile lenye mabomba matatu.

Sasa nijibu haya. Jumamosi una nafasi au mpaka shemeji aruhusu? Huo mzinga umekaa juu ya magurudumu au juu ya kiti chake cha melini? Ngao ya mbele ipo au ilishang'oka? Na hebu nishauri, niiweke baharini kwenye maji ya bluu kama Bahati anavyotaka, au niiweke Rufiji katikati ya mikoko na matawi yamefungwa milingotini, maana walikuwa wanaifunika hivyo ndege zisiione? Mimi naona mikoko. Ukikubali, unaweza kuniokotea vijiti vyake vikavu hapo Tudor, vyembamba kabisa? Na halua inauzwaje siku hizi?

Kama watakutoza kiingilio niambie nikurushie. Picha usitume kawaida wasap inazibana, tuma kama dokumenti.

Wako,
Sele